Kitambaa Kibichi Kwenye Droo

Mume wangu alisingiziwa akiwa ndani ya sanda, hana mdomo wa kujitetea. Aliyemsingizia alisimama uani kwetu, shati jeupe, kalamu tatu zimepangwa mfukoni, na watu walimsikiliza kwa sababu ni msomi na ndiye mkubwa wa maabara kiwandani. Mimi nilikuwa ndani na wanawake wenzangu, dirisha liko wazi.

"Mwenzetu tulimpenda," alisema, "lakini tuliobaki tujifunze. Dawa haimponyi mtu anayeiacha kwenye kopo."

Kilio chumbani kilikatika kama mtu amefunga bomba. Wifi yangu, dada wa marehemu, alikuwa amenishika bega. Akauondoa mkono wake. Aliufuta tu mkono ule kwenye kanga yake kama aliyeshika kitu kichafu, akahamia upande wa pili wa chumba.

Tangu siku ile nilikuwa mjane wa mtu mzembe, na mke aliyemwacha mumewe afe kwa kutomsimamia.

Mungu ananiona ninavyoandika haya. Mume wangu alikuwa na kifafa tangu ujana, na dawa hakuiacha hata siku aliyokuwa na homa ya kutapika. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpa maji. Nilikuwa nikisimama mbele yake nikiangalia koo lake likipanda na kushuka, naye akinitania, "Mke wangu, hata polisi hawakagui hivi." Akifungua mdomo, akitoa ulimi, nacheka, anakwenda kazini. Miaka mingi hakuanguka. Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda hichohicho kinachotengeneza vidonge alivyomeza, na wafanyakazi walipewa dawa bure, kwa hiyo alichota kwenye katoni alizozilinda mwenyewe.

Halafu zikaja mvua, na baada ya mvua akaanza kuanguka. Akaanguka jikoni. Akaanguka kazini. Mara moja alipoanguka alijichafua, nikamwosha kama ninavyomwosha mtoto, na msomaji anisamehe kwa ninachosema, lakini nilikiona kidonge. Kizima. Hata ule mstari wa katikati wa kukivunjia ulikuwa bado unaonekana.

Nilikiosha, nikamwonyesha alipopata fahamu. Alikigeuzageuza kwenye kiganja.

"Ndivyo vilevile," alisema. "Bati la stoo lilivuja, katoni zikakaa kwenye unyevu. Nilimwambia Kalamu Tatu vidonge vinakuwa vigumu kama kokoto. Akaniambia washa feni."

"Na wewe ukaendelea kumeza?"

"Alisema ameshavipima, mke wangu. Mimi ni nani nibishane na koti jeupe?"

Tukakubaliana kesho yake tukatafute dawa nyingine hospitali. Kesho hiyo hakuifikia. Alianguka bafuni alfajiri, kichwa kikapiga ukingo wa saruji.

Msiba ulipokwisha nilikifunga kile kidonge kwenye karatasi laini, nikampelekea Kalamu Tatu ofisini. Nilimweleza kwa adabu zote, nimeinamisha kichwa, kilipotoka na hali niliyokikuta nayo. Akakunja pua. Akaishika karatasi kwa ncha za vidole, akaitupa kwenye pipa la taka chini ya meza.

"Mama, vidonge hivi vimeshapimwa."

"Lakini baba..."

"Vimeshapimwa! Uchungu unakuchanganya, nakuelewa." Kisha akalegeza sauti, akawa mtu mwema. "Hutaachwa hivihivi. Maabara tunahitaji mtu wa kuosha vyombo. Kuanzia Jumatatu ukitaka."

Nilipokea kwa mikono miwili. Nikashukuru mpaka nikapiga goti kidogo. Watu wakasema Mama Stoo ana moyo, amesamehe. Mimi nilikuwa nimeangalia lile pipa la taka, na moyoni nikasema: wewe bwana, kinywa chako kilichosema uani kwangu, hichohicho kitakuja kukukaanga. Sikujua vipi. Lakini kila alfajiri nilipomaliza sala nilikaa pale pale kwenye mkeka, na sikumwomba Mungu aniondolee uchungu. Nilimwomba asiupoze mpaka niutumie.

*

Maabara ni chumba kirefu chenye meza nyeupe, na pembeni kuna karo langu. Mashine niliyokuwa nikiosha vyombo vyake wao wanaiita Tumbo, kwa sababu inafanya kazi ya tumbo. Ni beseni la maji yenye joto la mwili wa mtu, na ndani yake yamesimama mabilauri sita makubwa yenye matako ya mviringo. Kila bilauri linatiwa maji yake, juu yake unashuka mti wa chuma wenye pangaboi dogo, unazunguka polepole. Kidonge kinadondoshwa. Dawa nzuri inavimba, inameguka, inageuka ukungu, na baada ya muda wanachota maji kwa bomba la sindano wakapime ni kiasi gani cha dawa kimetoka. Kisichoyeyuka Tumboni hakiyeyuki kwa mtu. Hayo yote nilielezwa na binti aliyekuwa akiisimamia mashine, tunayemwita Binti Saa kwa ile saa ya kuhesabia aliyoivaa shingoni hata wakati wa kula.

"Tumbo zuri hili, Mama Stoo," alinitania siku ya kwanza. "Halina njaa, halina gesi, halinung'uniki."

"Na likivimbiwa?"

"Tunakuita wewe ulisugue."

Alikuwa mtoto mwenye heshima na aliyemwogopa mkubwa wake. Nilimwacha azoee sauti yangu. Siku moja walipima vile vidonge vya kifafa, bechi ileile, yaani vya mkupuo mmoja na alivyomeza mume wangu, nami nikasogea na kitambaa changu nikijifanya nafuta meza. Vilidondoka, vikameguka vyote sita, vikawa uji. Kwa hiyo mume wangu aliniongopea? Nilikaa na wazo hilo muda wa kukausha bilauri moja, na ndio muda mbaya kuliko wote niliowahi kuishi. Ndipo nikauliza.

"Mwanangu, hivi vimetoka stoo?"

Binti Saa akatazama mlango. "Stoo mbali, mama. Mkubwa anasema tusichoshe miguu. Anavyo vya bechi hiyohiyo kwenye droo yake. Alivichukua siku vilipotoka mashineni, kabla havijapelekwa stoo."

"Kabla ya mvua."

"Kabla ya mvua," alisema, na baada ya hapo hakunitazama.

Ofisi ya Kalamu Tatu niliisafisha mimi. Droo haikuwa na ufunguo, nani aibe vidonge vya kifafa? Ndani kulikuwa na kopo la plastiki lenye mfuniko, na kuzunguka kopo vile vipakiti vidogo vya kufyonza unyevu, vimepangwa kama mayai ya ndege. Droo kavu kuliko nyumba yangu. Vidonge vyake alivilaza kwenye kiota, na vile ambavyo watu wanameza vilikuwa vinalowa chini ya bati bovu.

Niliirudisha droo polepole. Nikaendelea kupiga deki.

Mtu ataniuliza, kwa nini hukusema? Kwa nani? Nilikwisha kusema, na nilichosema kilikwenda na takataka. Ningesema tena, angeuondoa ushahidi na mimi pamoja nao. Na pale getini wifi yangu, ambaye anafanya kazi ya kupakia, alikuwa akinisubiri karibu kila asubuhi na wenzake wawili wa kumchekea.

"Haya, pisheni, mwosha glasi anapita! Amepewa kazi kwa mauti ya kaka yangu. Mumeo alikufa kwa kiu ya maji ya kumezea dawa, leo unashinda umetumbukiza mikono kwenye karo!"

"Wifi, umeamkaje?"

"Mimi si wifi yako. Aliyenifanya wifi yako ulimwacha afe."

Wenzake wanapiga makofi. Mimi napita. Shingo yangu sikuigeuza hata siku moja, lakini kila neno nililibeba mpaka karoni.

*

Tangazo lilibandikwa mlangoni: wakaguzi wa dawa wanakuja mwisho wa mwezi. Kiwanda kizima kikaingiwa na wazimu wa usafi. Bati la stoo lilibadilishwa, kuta zikapakwa rangi, katoni zilizovimba zikarudishwa nyuma na nzuri zikawekwa mbele. Kalamu Tatu akawa anatembea huku anapiga mluzi.

"Mama Stoo," aliniambia, "mabilauri yang'ae! Nataka mkaguzi ajione uso wake humo. Nitawapimia kidonge cha kifafa mbele ya macho yao, wakale wakalale."

"Yatang'aa, baba," nikamwambia. "Utajiona mwenyewe."

Jioni ile nilifanya nilichokifanya. Niliondoa vipakiti vyote nikavifunga kwenye upindo wa kanga yangu. Nikalegeza mfuniko wa kopo. Kisha nikachukua kitambaa changu cha deki, kibichi, nikakikamua nusu tu, nikakilaza nyuma ya kopo na kuifunga droo. Asubuhi, kabla hajafika, nilikitoa kitambaa, nikapangusa, nikarudisha vipakiti kwa mpango wake uleule wa mayai. Jioni tena. Asubuhi tena. Vidonge vile havikuwa vya kuingia kinywani mwa mtu yeyote, hilo nililihakikisha. Vilikuwa vya Tumbo na vya Kalamu Tatu peke yake.

Sikumficha Mungu. Nilikuwa nikitoka kwenye mkeka nakwenda kulowesha kitambaa. Nilimwambia: ulimwengu huu una mvua uliyoileta wewe, mimi nimeisogeza tu mpaka kwenye droo.

Na kila nilipokilaza kile kitambaa nilimwona Kalamu Tatu anazungumza uani kwangu, na nilikuwa nikiukunja ukingo wake vizuri, kama ninavyokunja shuka la mgeni.

*

Mkaguzi mkuu alikuwa mama wa makamo, mfupi, viatu vya chini, ana mwenzake mmoja wa kuandika. Hakuwa mtu wa kuchekacheka. Kalamu Tatu alimzunguka kama nzi anavyozunguka tunda.

"Karibu sana, mheshimiwa, karibu. Hii ndiyo mashine yetu ya kuyeyushia. Leo tunawapimia dawa ya kifafa, bechi iliyoko sokoni. Sampuli zimetoka stoo asubuhi hii hii, katoni mbalimbali, juu, kati na chini."

"Nani alizichukua?"

"Mimi mwenyewe," alisema, mkono kifuani, juu ya kalamu.

Binti Saa aliangalia sakafu. Mimi nilikuwa karoni, nimewapa mgongo, lakini mbele yangu kuna dirisha, na kioo chake nilikuwa nimekisugua mpaka kikawa kama kioo cha kunyolea. Niliwaona wote humo.

Vidonge vikadondoshwa. Pangaboi zikaanza kuzunguka. Binti Saa akabonyeza saa yake.

Kalamu Tatu akaanza hotuba. Alizungumzia ubora, alizungumzia afya ya mwananchi, akasema kiwanda hiki hakilali. Mkaguzi alikuwa ameinama, macho kwenye bilauri la kwanza. Hotuba ikaendelea, ikapungua mwendo, ikaanza kurudia maneno. Mwisho ikanyamaza yenyewe, na ikabaki sauti ya mashine.

"Mbona vimelala?" mkaguzi akauliza.

Niligeuka, nikajifanya natafuta brashi. Vidonge sita vilikuwa vimetulia kwenye vitako vya mabilauri, maji juu yake meupe kabisa, kila kimoja na mstari wake wa katikati. Niliujua mstari ule.

"Ongeza mwendo," Kalamu Tatu akamnong'oneza Binti Saa.

"Usiguse," akasema mkaguzi, bila kunong'ona.

Muda ukafika. Wakachota maji kwa bomba la sindano, wakayapima kwenye mashine ya pili, Binti Saa akasoma majibu kwa sauti nyembamba. Dawa iliyotoka haikufika hata robo. Jasho lilikuwa limempamba Kalamu Tatu juu ya mdomo.

"Basi," mkaguzi akasema na kusimama wima, "kama sampuli hizi zimetoka juu, kati na chini ya stoo, bechi nzima imeanguka. Nafunga stoo."

"Hapana! Hapana, mheshimiwa, subiri." Alishika meza. Nilimwona akitafuta pa kutokea, na nilimwona alipopaona, maskini, akapakimbilia. "Hizi hazikutoka stoo! Haziwezi kuwa ndizo. Hizi nimezitoa kwenye droo yangu, nimezitunza mwenyewe tangu zilipotoka mashineni! Stoo haihusiki kabisa!"

Mwenzake wa kuandika aliinua kalamu yake, akaishusha, akaanza kuandika.

"Droo gani?" mkaguzi akauliza kwa upole.

Mikono yangu ilikuwa ndani ya maji ya sabuni, na sijawahi kuona maji matamu vile.

"Mmepima za droo miezi yote hii?" Swali lile mkaguzi alimwelekezea Binti Saa.

Binti akalia kwanza. Kisha akasema, "Ndiyo, mama. Za stoo hatujawahi kuzipima. Hata mvua ilipoingia."

"Twende stoo," akasema mkaguzi.

Hakutaka katoni za mbele. Alipita mpaka nyuma, zile zilizovimba, akaamuru watu wa upakiaji wazibebe mpaka maabara. Na aliyeingia mlangoni na katoni ya kwanza begani alikuwa wifi yangu. Aliponiona alibenua mdomo, ndivyo alivyozoea, akatua mzigo. Akataka kutoka, mkaguzi akamwambia asubiri, kuna katoni za kurudisha.

Mabilauri niliyaosha mimi, upya, haraka, yaking'aa. Vidonge vya stoo vikadondoshwa. Tukasimama wote tukiangalia, wakubwa na wadogo, kama watu wanaosubiri chungu kichemke. Na havikuchemka. Vililala palepale, kokoto sita.

"Mkubwa," wifi yangu akauliza, na hakuwa anamwuliza mtu maalumu, "hii si dawa aliyokuwa anakula kaka yangu?"

"Alikuwa na kifafa?" mkaguzi akamgeukia.

"Alikufa nacho. Walisema hakuwa anameza."

Mkaguzi akaelekeza kidole kwenye bilauri. "Mtu akimeza hiki asubuhi na jioni, kila siku, bila kukosa, ni kama hajameza kitu. Kinaingia kizima, kinatoka kizima."

Wifi yangu aliangalia kidonge. Akaniangalia mimi. Mwanamke yule mwenye ulimi wa kuchoma bati, akaishiwa.

"Kinatoka kizima," nikamwambia. "Nilikiona. Ningekwambia, lakini hukuwa wifi yangu."

Akakaa chini sakafuni, juu ya deki yangu mbichi, akajifunika uso na kanga. Sikumwinua. Nitasema kweli, sikumwinua mara moja. Nilimwacha akae pale kidogo ajue ubaridi wa sakafu, kisha ndipo nikampa mkono.

*

Kalamu Tatu alifukuzwa siku hiyohiyo, huku mashtaka yakiandaliwa, na matangazo yakatoka kwamba vidonge vya bechi ile vikusanywe kila duka na kila hospitali. Alipotoka ofisini na sanduku lake la karatasi, ilikuwa saa ya kutoka kazini, uwanja umejaa watu. Wifi yangu alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono kiunoni. Wale wenzake wawili wa kucheka walikuwa nyuma yake, hawacheki.

"Rudisha maneno yako," akamwambia.

"Nipishe, dada."

"Uliyasema mbele ya watu. Watu hawa hapa."

Alitazama kushoto, kulia. Hakuna aliyesogea. Akasema kitu chini ya pumzi.

"Hatusikii!" akapiga kelele mtu wa mashine kutoka nyuma.

"Marehemu alimeza dawa zake," Kalamu Tatu akasema.

"Zote?"

"Zote."

Nami nilikuwa nimesimama mlangoni mwa maabara, mikono bado inachuruzika. Nilisubiri anikaribie, maana getini hakuna njia nyingine ila kupita mbele yangu. Alisimama. Akayaangalia maji yaliyokuwa yakidondoka kwenye vidole vyangu, kisha kitambaa kilichokuwa begani kwangu, kibichi. Msomi ni msomi, akili ilikuwa inatembea.

"Mama Stoo," akasema taratibu. "Ile droo. Ni wewe?"

Nilikuwa nimeosha mabilauri yote, na chini ya lile la mwisho nilikuwa nimekitoa kidonge kimoja, nikakikausha, nikakifunga kwenye karatasi laini kama nilivyofunga kile cha kwanza. Nikanyoosha mkono, nikakitia kwenye mfuko wa shati lake, katikati ya zile kalamu, nikapapasa mfuko kwa kiganja mpaka shati likashika maji.

"Kichukue, baba," nikamwambia. "Kimeshapimwa."

Kesho yake alfajiri nilisali, na nilipofika mahali pa kuomba uchungu usipoe, sikuomba tena. Kama Mungu atamsamehe, hiyo ni kazi yake na siiingilii. Mimi nilikunja mkeka, nikaenda kazini, nikaifungua ile droo ikae wazi ipate hewa.